Jeevanjee: Bustani Iliyoponea Majengo, Sasa Inaliwa na Spika na Magurudumu

Mwaka wa 1991 wakuu wa jiji la Nairobi walitaka kuigeuza Bustani ya Jeevanjee kuwa jengo la maduka na maegesho ya magari. Miaka miwili kabla ya hapo, serikali ya chama kimoja ilikuwa imepanga kujenga mnara wa orofa 60 ndani ya Uhuru Park. Mnara huo ungekuwa na makao makuu ya chama hicho, KANU, ofisi za gazeti la Kenya Times, maduka, ukumbi na nafasi ya kuegesha magari 2,000. Tunapokumbuka vita vya Uhuru Park tunamkumbuka mwanamazingira Wangari Maathai na barua zake za kuupinga mradi, tunaukumbuka mnara wenyewe, tunaikumbuka na sanamu ya Rais Moi iliyokusudiwa kusimama pale. Yale magari 2,000 tumeyasahau. Nayataja mapema kwa sababu mara zote mbili bustani za katikati ya mji zilipoingia hatarini, gari lilikuwa mstari wa mbele kudai ardhi.

Miradi yote miwili ilishindwa. Maathai alienda mahakamani, kesi yake ikatupwa, akatukanwa hadi bungeni, lakini hatimaye wafadhili wa kigeni walirudi nyuma na mnara ukaachwa. Kwa upande wa Jeevanjee, mjukuu wa mwenye jina hilo, Zarina Patel, aliongoza upinzani na wakazi wa jiji wakamuunga mkono. Bustani ikabaki. Alibhai Mulla Jeevanjee, mfanyabiashara aliyezaliwa Karachi mwaka wa 1856, aliyepata mali kwa kandarasi za reli ya Uganda na kuanzisha gazeti la African Standard kule Mombasa, aliitoa ardhi hiyo watu wa Nairobi wapate mahali pa kupumzika. Mwaka wa 1906 mwana wa Malkia Victoria, Duke wa Connaught, alikuja kufunua sanamu ya mamake hapo. Jiji lenyewe lilikuwa bado changa, limeota kando ya reli juu ya tope la kinamasi, na tayari lilikuwa na bustani ya umma.

Leo hakuna anayekuja Jeevanjee na ramani ya orofa 60. Kinachokuja ni spika moja, pikipiki moja, gari moja lililopandisha magurudumu mawili juu ya njia ya miguu. Kila kimoja ni kidogo mno kuandikiwa barua ya malalamiko, na ndiyo maana hakizuiwi.

Ingia siku ya kazi, saa saba mchana. Kabla hujaona nyasi unapenya kati ya pikipiki zilizopangwa langoni ubavu kwa ubavu, wenyewe wakiwa wameketi juu yake wakingoja abiria. Ndani, benchi zimejaa. Yuko karani aliyeweka kopo la chakula magotini, yuko kijana anayetafuta kazi na bahasha yake ya kaki, yuko mama aliyemlaza mtoto juu ya leso kivulini. Muuza njugu anapita na karatasi zilizokunjwa pembe. Chini ya mti, duara la wanaume linabishana kuhusu bajeti na bei ya unga. Hilo ndilo Bunge la Mwananchi, baraza lisilo na jengo wala mishahara, ambalo limeifanya bustani hii kuwa ukumbi wake kwa miaka mingi. Kila msemaji hunyoosha mkono, huongea kwa koo lake, na akichosha hukatizwa.

Hatua chache kutoka hapo amesimama mhubiri kando ya spika nyeusi ya kukokotwa, yenye magurudumu na mpini kama wa sanduku la safari. Maikrofoni ameizungushia kitambaa. Ametoa jasho, mishipa ya shingo imesimama, ingawa mashine ingeweza kumfikisha mbali hata kama angenong'ona. Wanaomsikiliza mbele yake wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Karibu na lango, muuza dawa ya panya na kunguni ametega kipaza sauti chenye ujumbe uliorekodiwa, sentensi ileile ikijirudia tangu asubuhi bila mwenyewe kufungua mdomo. Bunge la Mwananchi linasogea chini ya mti mwingine. Mtoto kwenye leso anaamka.

Nimesikia watu wazima wakisema kelele za Nairobi ni za kuzoewa, asiyezitaka ahamie mashambani. Mimi naona spika ile inafanya kazi ileile ambayo ukuta wa mabati ungefanya. Mtu akija usiku akazungushia nusu ya Jeevanjee mabati, magazeti yatapiga kelele asubuhi na wakili atakimbilia mahakamani. Akija mchana akaizungushia bustani nzima sauti yake, hatuna jina la kosa hilo, na pengine tutamwita mtumishi wa Mungu. Lakini aliyefukuzwa kwenye benchi kwa sauti amefukuzwa vilevile.

Hesabu yake ni rahisi. Mtu anayezungumza kawaida, ukiwa mita moja mbele yake, hutoa takriban desibeli 60. Spika ya kukokotwa hufikisha 100 bila taabu kwa umbali huohuo. Desibeli hazijumlishwi kama shilingi: kila zikiongezeka 10, nguvu ya sauti imezidishwa mara 10, kwa hiyo kati ya 60 na 100 kuna tofauti ya mara 10,000. Mahali pa wazi, kila umbali unapozidishwa maradufu, sauti hushuka desibeli 6 hivi. Ukiwa mita 2 kutoka kwenye spika unapata 94; mita 8, 82; mita 32, 70. Jeevanjee ina ukubwa wa ekari 5 hivi. Ingekuwa mraba kamili, upande wake mmoja ungekuwa kama mita 142, na kutoka katikati hadi kwenye pembe ya mwisho kabisa ni mita 100. Huko pembeni, mbali kuliko kote unakoweza kukimbilia bila kutoka langoni, spika ile bado inafika na desibeli 60. Maana yake ni kwamba aliyejificha mwisho wa bustani anamsikia mhubiri kana kwamba wameketi pamoja wanazungumza. Bustani haina kona iliyobaki. Na hiyo ni spika moja.

Sheria ipo. Kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo zilizotolewa mwaka wa 2009 chini ya sheria kuu ya mazingira zimeweka kiwango cha desibeli 60 mchana katika maeneo ya biashara, na 35 usiku, ambapo usiku huanza saa mbili usiku na kumalizika saa kumi na mbili asubuhi. Zinawataja kwa majina wahubiri wa mitaani, wachuuzi na makanga. Zina jambo jingine ambalo nalipenda zaidi, kwa kuwa lilitungwa na mtu aliyefikiri. Katika kuamua kama kelele imepita kiasi, kanuni zinataka izingatiwe ni saa ngapi, ni karibu kiasi gani na makazi ya watu, ni ya mara moja au ya kujirudia, kama mpiga kelele angeweza kuipunguza bila gharama kubwa, na kama sauti imekuzwa kwa mtambo. Hilo la mwisho ndilo lenye ufunguo.

Katiba ya 2010 nayo, katika Jedwali la Nne, imeikabidhi kaunti udhibiti wa kelele, imeikabidhi maegesho, na imeikabidhi bustani na sehemu za burudani. Mambo yote matatu yako mezani pa serikali moja. Hakuna anayeweza kumsukumia mwenzake.

Basi kwa nini spika iko pale? Jibu la haraka la Wanairobi wengi ni kwamba kanjo, yaani askari wa kaunti, hawafanyi kazi. Nadhani kosa limeanzia mbele zaidi, kwenye namna sheria yenyewe inavyomtaka askari aitekeleze. Ili kumshtaki mhubiri kwa kuvuka desibeli 60, askari anahitaji kipimo kilichokaguliwa na kuthibitishwa, anahitaji kuandika saa, umbali na namba aliyoisoma, kisha anahitaji kutenganisha sauti ya spika na honi za matatu zinazopita Moi Avenue, ambazo zenyewe zinaweza kuwa zimeshavuka 60. Simu ya mkononi yenye programu ya kupimia haitatosha mbele ya hakimu. Askari aliyepewa rungu na koti bila kipimo hana la kufanya ila kutishia. Na aliyepewa uwezo wa kutishia pasipo uwezo wa kuthibitisha huishia ama kunyamaza, ama kunyanyasa, ama kupokea kitu.

Sheria inayofaa bustani ni ile inayoonekana kwa macho. Kipaza sauti kipo au hakipo. Hakuna kupima, hakuna kubishana kuhusu namba. Bila kibali cha siku hiyo chenye saa ya kuanza na ya kumaliza, hakuna mtambo wa kukuza sauti ndani ya lango, uwe wa mhubiri, wa mwanasiasa, wa muuza dawa au wa kijana aliyebeba spika ya muziki begani. Koo la binadamu liachwe huru.

Hapa najua kuna msomaji amekunja uso, na ana haki. Nchi hii inajua vizuri jinsi sheria ya utulivu inavyoweza kuwa rungu. Chini ya Sheria ya Utulivu wa Umma (Public Order Act) ya enzi zile, mkutano ulihitaji leseni, na leseni ilitolewa kwa anayempendeza mkubwa. Februari 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa walikaa Uhuru Park, pembe ambayo tangu hapo inaitwa Freedom Corner, wakigoma kula hadi wana wao waachiliwe. Mwezi Machi polisi waliwavamia kwa virungu na mabomu ya machozi, na Maathai akapelekwa hospitali akiwa hajitambui. Haikuwa kelele iliyowaudhi wakubwa. Ilikuwa maneno. Ni baada ya mageuzi ya 1997 tu ndipo leseni ya mikutano ilipoondolewa, ikabaki taarifa kwa polisi siku tatu au zaidi kabla. Wanachama wa Bunge la Mwananchi nao wamewahi kukamatwa hapohapo Jeevanjee kwa kusema. Ukimpa askari kanuni inayosema "asisumbue watu", kesho atamkamata anayeisumbua serikali.

Ndiyo maana nasisitiza mtambo, na mtambo peke yake. Kanuni isiyouliza umesema nini haiwezi kumchagua mpinzani ikamwacha rafiki, mradi itumike kwa wote. Jambo hili limekwisha kupimwa mahakamani kwingineko, na kwa bahati ni mwaka uleule Maathai alipokuwa akiandika barua zake. Mjini New York, kundi lililoandaa tamasha za kupinga ubaguzi wa rangi lilikuwa likipiga muziki kwenye jukwaa la Central Park, karibu na Sheep Meadow, uwanja wa nyasi uliotengwa kwa wanaotaka utulivu. Wakazi na wapumzikaji walilalamika. Jiji halikupiga marufuku tamasha. Liliamuru kila anayetumbuiza pale atumie vyombo vya sauti vya jiji na fundi wa jiji. Waandalizi wakashtaki, wakisema uhuru wao wa kujieleza umeguswa. Juni 1989 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, majaji 6 dhidi ya 3, kwamba jiji lilikuwa na haki, kwa kuwa kanuni ililenga ukubwa wa sauti bila kujali ujumbe, na njia nyingine za kufikisha ujumbe zilibaki wazi.

London wamekwenda mbali zaidi. Speakers' Corner ya Hyde Park, mahali ambapo mtu yeyote husimama akasema lolote lisilovunja sheria, haina vipaza sauti. Msemaji huja na ngazi yake ndogo au kreti ya kusimamia, akapanda, akaanza. Asiyetaka kumsikia huenda kwa jirani yake mita chache kando. Wasemaji kumi wanaweza kuhutubia kwa wakati mmoja na kila mmoja akapata wasikilizaji wake. Ukiwapa spika, atabaki mmoja, mwenye spika kubwa kuliko wote.

Bunge la Mwananchi linafanya hivyohivyo bila kuambiwa na mtu. Anayeilinda bustani dhidi ya spika analilinda bunge hilo pia, kwa kuwa ndilo linalozamishwa kwanza.

Mhubiri atasema kazi yake ni wito, na sadaka za pale ndizo zinazomlisha. Simdharau. Ukimwendea kwa heshima ukamwambia, "Pasta, punguza kidogo, mtoto amelala," wengi wao hupunguza, kwa dakika chache angalau. Ibara ya 32 ya katiba inamlinda kuhubiri. Haimlindi kumhubiria kwa lazima mtu wa dini nyingine aliyeketi kula chakula chake, ambaye ibara hiyohiyo inamlinda. Ahubiri kwa sauti aliyopewa na Mungu, na wanaotaka kumsikia watasogea.

Nirudi kwenye magurudumu, ambako tunapata hasara bila kuihisi kwa sababu gari lililosimama halipigi kelele. Gari moja linahitaji nafasi ya mita 2.5 kwa 5. Ukiongeza njia ya kuingilia na kugeuzia, kila gari hula kama mita 25 za mraba. Magari 100 ni mita 2,500, yaani zaidi ya sehemu ya kumi ya Jeevanjee nzima, kwa ajili ya watu 100 ambao wengi wao hawakuja bustanini. Kwenye kipande hicho hicho cha nyasi wangeweza kuketi mamia. Ndiyo hesabu iliyokuwa imefichwa katika mradi wa 1991, na ndiyo iliyo ndani ya kila gari linalopandishwa leo kwenye njia ya miguu kandokando ya uzio.

Nairobi kwa miaka mingi imewatoza wenye magari ada ya siku nzima. Ukilipa asubuhi, nafasi ni yako hadi jioni, ukiwa umekuja kwa dakika kumi au saa kumi. Utaratibu huo unazijaza kingo za bustani kwa magari ya wafanyakazi wa ofisi kuanzia saa moja asubuhi. Anayefika saa nne na mzee asiyeweza kutembea hakuti nafasi, naye anapanda ukingo. Askari anamfunga gurudumu kwa chuma, faini inalipwa, na kesho mwingine anapanda palepale. Faini hiyo imekuwa bei ya kuvunja sheria. Mtaalamu wa Marekani Donald Shoup, katika kitabu chake cha mwaka 2005 kuhusu gharama ya maegesho ya bure, alishauri ada ipangwe kwa namna ambayo daima nafasi moja au mbili zinabaki wazi katika kila kipande cha barabara. Tozo ya saa, inayopanda kadiri unavyokaa, ingefanya hivyo katika Monrovia Street na Moktar Daddah Street. Watakaolalamika ni wale wanaoliacha gari kutwa, na hao wana uwezo wa kuliacha mbali zaidi.

Langoni, dawa ni nguzo fupi za chuma zilizochimbiwa ardhini, kwa upana unaopitisha kiti cha magurudumu na kigari cha mtoto lakini haupitishi gari. Nguzo haichoki saa tisa mchana na haipokei kitu. Inagharimu mara moja tu. Afadhali fedha zitumike hapo kuliko kumwajiri askari wa pili wa kumsimamia askari wa kwanza.

Pikipiki ni tatizo gumu kuliko yote, nami sikubaliani na wanaotaka lori lije lizizoe. Pikipiki hupita kwenye upana uleule wa kiti cha magurudumu, kwa hiyo nguzo hazitazizuia. Vijana wale wamesimama langoni kwa sababu abiria hutokea langoni, na jiji halijawahi kuwachorea mahali pao. Ukiwafukuza asubuhi watarudi adhuhuri, baadhi wakiwa na deni jipya la kukomboa pikipiki iliyoshikwa. Nafasi moja ya gari, mita 2.5 kwa 5, inachukua pikipiki tano zikisimama ubavu kwa ubavu. Kaunti ikizitwaa nafasi mbili za magari ng'ambo ya lango, ikazipaka rangi na kuweka kibao kwa Kiswahili, pikipiki kumi zitahama mita chache tu bila mtu kupoteza riziki, na njia ya kuingilia itakuwa wazi. Ada inayopotea kwa nafasi hizo mbili ni ndogo kuliko gharama ya kuleta lori mara moja. Mradi kama huo hausubiri mwaka mpya wa fedha. Unahitaji mkebe wa rangi, fundi, na afisa mmoja wa kutia sahihi.